Kandanda ya Thika na Ruiru: Chuo Huzaa, Kiwanda Hulea

Mtu asafiriye kutoka Nairobi kwenda Thika hupita Ruiru njiani, na safari yote ni kiasi cha kilomita 40 na kitu. Ni nchi ya kahawa na mananasi, yenye viwanda vingi na shule nyingi kuliko ukubwa wake. Mpira wa miguu umepata makao mawili hapo: shule na vyuo kwa upande mmoja, viwanda kwa upande wa pili. Timu za viwanda ndizo zijulikanazo zaidi, kwa kuwa majina yao huandikwa magazetini kila wiki. Walakini mwenye kuzifuata habari hizi tangu mwanzo ataona jambo la kustaajabisha kidogo. Timu za viwanda zimeinuka na kuanguka, hali shule zimeendelea kutoa wachezaji mwaka baada ya mwaka bila kelele. Sababu yake yafaa kuelezwa.

SHERIA ZILIZOTUNGWA NA WANAFUNZI

Wengi hudhani kwamba sheria za kandanda zilitungwa na wachezaji wa kulipwa. Sivyo hata kidogo. Katika karne ya 19 kila shule kubwa ya Uingereza ilikuwa na mpira wake. Katika shule moja mchezaji aliruhusiwa kuudaka mpira na kukimbia nao, na katika shule nyingine halikuwa kosa kumpiga mwenziwe teke la muundi. Vijana wa shule hizo walipokutana katika Chuo Kikuu cha Cambridge hawakuweza kucheza pamoja bila ugomvi. Katika mwaka wa 1848 wanafunzi wa hapo waliketi pamoja wakaandika sheria moja ya kuwafaa wote, na Chama cha Mpira kilipoundwa London mwaka wa 1863, watungaji wa sheria zake waliziangalia zile za Cambridge. Basi mchezo huu, jinsi tuujuavyo, ni mtoto wa chuo.

Uliletwa Afrika ya Mashariki na watu wa namna nyingi, wakiwamo askari, makarani na wamisionari. Mwaka wa 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya Kiingereza iliyotengeneza sabuni, na Kenya ndiyo iliyolitwaa mara ya kwanza. Baadaye Tanganyika na Zanzibar ziliingia. Mashindano hayo ndiyo mzazi wa Kombe la Chalenji la Afrika ya Mashariki na Kati. Kampuni ya sabuni ilitoa kombe; lakini kombe halimfundishi mtu kupiga chenga. Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na shule za misheni, ambazo zilikuwa na vitu vitatu visivyopatikana mahali pengine kwa pamoja, yaani kiwanja, mpira mmoja, na vijana wengi wenye saa moja ya nafasi kila jioni.

CHUO KIDOGO CHA MANG'U

Karibu na Thika shule iliyo mashuhuri kuliko zote ni Mang'u. Ilianzia Kabaa, upande wa Machakos, katika mwaka wa 1925, chini ya Padre Michael Witte wa Shirika la Roho Mtakatifu. Kiasi cha mwaka wa 1940 ilihamia Mang'u, ikaitwa Holy Ghost College, na mwaka wa 1972 ikahama tena kwenda mahali pake pa sasa. Wito wake ni wa Kiswahili, nao ni maneno mawili tu: Jishinde Ushinde. Tom Mboya alisoma hapo mnamo miaka ya 1946 na 1947, akaondoka kwa upungufu wa karo. Mwai Kibaki aliingia mwaka wa 1947, akamaliza mwaka wa 1950. Miaka ile ilikuwa shule ndogo sana kwa hesabu ya leo, na jina la chuo lilikuwa kubwa kuliko majengo yenyewe.

Mshindani wake alikuwa Shule ya Alliance, Kikuyu, iliyoongozwa na Carey Francis tangu mwaka wa 1940 hata 1962. Bwana huyo alikuwa mwalimu wa hesabu aliyetoka Cambridge, chuo kilekile cha sheria za mwaka 1848, naye alipenda kandanda sana na kuihesabu kuwa sehemu ya malezi. Shule hizi mbili zilishindana kwanza katika mitihani, na ushindani wa mitihani haukosi kufika kiwanjani.

Kandanda ya shule za bweni za wakati ule ilikuwa na desturi zake. Mabweni yalishindana yenyewe kwa yenyewe, na waliofanya vema huko ndio waliochaguliwa katika timu ya shule. Mpira ulikuwa wa ngozi, wenye kibofu cha raba ndani na kamba nje kama ya kiatu. Mvua iliponyesha, ngozi ilikunywa maji na mpira ukawa mzito mara moja. Mtu aliyeupiga kichwa upande wa kamba hakusahau upesi. Wengi walicheza miguu mitupu, wala jambo hili halikuwa aibu. Timu ya Nijeria ilizuru Uingereza mwaka wa 1949, ya Gold Coast mwaka wa 1951, na ya Uganda mwaka wa 1956, na katika ziara hizo wachezaji wengi walicheza bila viatu mbele ya Waingereza waliovaa njumu. Mguu mtupu huuhisi mpira vizuri, na mwenye kuuzoea huugusa kwa wepesi. Udhaifu wake huonekana siku ya tope, wakati mwenye njumu anaposimama imara na asiye nazo huteleza.

Timu ya shule ina kasoro moja isiyoondoka. Kila mwaka wachezaji wake walio bora humaliza masomo na kwenda zao. Kocha wa klabu angelia kama angepotezewa wachezaji watano kwa siku moja, lakini mwalimu wa michezo hupotezewa watano kila Desemba na hana wa kumlalamikia. Hata hivyo kasoro hiyo ndiyo nguvu yake. Kwa kuwa wakubwa huondoka, wadogo hupewa nafasi mapema, na kapteni wa darasa la mwisho humfundisha yule wa darasa la kwanza kwa sababu anajua kwamba atamwachia jezi. Kadhalika shule haihitaji kumtafuta mchezaji, maana huletwa na mzazi wake, tena akiwa na karo mkononi.

VIWANDA VINAPOINGIA

Reli ilifika Thika mwaka wa 1913, na baada yake mji ukajaa viwanda vya matunda ya mikebe, nguo, ngozi na mafuta ya kupikia. Ruiru nayo ilikuwa na mtambo wa umeme wa maji, uliojengwa kwa ajili ya kuupa Nairobi taa, ikapata kituo cha uchunguzi wa kahawa mwaka wa 1944, na baadaye chuo cha kuwafunza askari wa magereza pamoja na kiwanda kikubwa cha maziwa. Palipo na kiwanda pana vijana wenye mshahara, na palipo na vijana wenye mshahara timu haichelewi kuzaliwa.

Timu iliyovuma kuliko zote ni Thika United. Kwa muda mrefu iligharimiwa na kampuni ya maziwa ya Brookside, yenye makao yake Ruiru, nayo ilichezea kiwanja cha manispaa cha Thika; hivi kwamba maziwa ya Ruiru ndiyo yaliyoulisha mpira wa Thika. Ilidumu miaka mingi katika Ligi Kuu ya Kenya bila kuwa bingwa, na sifa yake haikuwa ya makombe. Ilikuwa mahali pa kukomaa. Francis Kahata alipita hapo kabla ya kuchezea Gor Mahia, na mwaka wa 2019 alivuka mpaka kwenda Simba ya Dar es Salaam.

Michael Olunga aliazimwa Thika United mwaka wa 2014 kutoka Tusker, akiwa na umri wa miaka 20. Jambo ambalo mashabiki wengi hawalikumbuki ni kwamba katika miaka ile ya mwanzo alikuwa pia mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya, wala hakuuacha ule msomo. Alihitimu baadaye, akiwa tayari ni mchezaji wa ng'ambo. Mwaka wa 2015 alikwenda Gor Mahia, mwaka uliofuata Djurgården ya Sweden. Mnamo Januari 2018 alifunga magoli matatu katika mechi moja akiichezea Girona katika ligi kuu ya Hispania. Mnamo Novemba 2019 aliifungia Kashiwa Reysol ya Japani magoli manane katika mechi moja waliyoshinda 13 kwa 1. Mwaka wa 2020 alifunga 28 katika ligi kuu ya Japani, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa mwaka. Kijana huyu aliwahi kukimbia katika majani ya Thika mbele ya watazamaji ambao pengine hawakujaza hata jukwaa.

Thika United yenyewe ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2018. Ligi ilikuwa na timu 18. Mbili za mwisho zilishuka moja kwa moja, na ile ya 16 ilicheza na timu ya daraja la chini ili kuamua nani abaki. Kushuka si kupoteza jina tu. Mapato hupungua, wachezaji wazuri huchukuliwa na wengine, lakini safari hubakia ndefu na basi hunywa mafuta yaleyale.

Udhaifu wa timu ya kampuni ndio huu: maisha yake yameandikwa katika daftari ya mtu mwingine. Oserian, timu ya shamba la maua la Naivasha, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka wa 2001 na tena 2002, kisha ikatoweka katika ligi. Timu ya Nakumatt ilikuwa ya maduka makubwa yaliyoanguka. Ikabadili jina kuwa Mount Kenya United, na mwaka wa 2019 ikaondolewa katika ligi kwa kushindwa kufika kwenye mechi zake. Mwaka huohuo kampuni ya SportPesa ilipoacha kudhamini, hata Gor Mahia na AFC Leopards, wenye mashabiki nchi nzima, walitaabika. Wachezaji hawakuwa wamekosa lolote katika mambo hayo. Haifai hata hivyo kuzilaumu kampuni kupita kiasi, kwa maana pasipo wao vijana wengi wasingelipata mshahara wa kwanza wa mpira. Thika yenyewe haikukaa ukiwa: Bidco United, timu ya kiwanda cha mafuta ya kupikia, ilipanda Ligi Kuu mwaka wa 2020.

VYUO VIPYA NA SWALI LA KIWANJA

Wakati viwanda vikipanda na kushuka, vyuo vimeongezeka. Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Thika, kilianza kama taasisi ndogo ya ufundi, kikapata hati ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2011. Zetech ilikuwa chuo cha kawaida kabla ya kuwa chuo kikuu huko Ruiru, na timu yake ya wanawake, Zetech Sparks, imepata kucheza Ligi Kuu ya Wanawake. Vyuo vingine humsamehe karo mchezaji hodari, na kwa msichana aliyetoka kijijini msamaha huo waweza kuwa na thamani kuliko kombe. Majirani zao, Thika Queens, walitwaa ubingwa wa Kenya katika msimu wa 2020 hadi 2021, jambo ambalo wanaume wa Thika United hawakulifikia katika miaka yao yote.

Tatizo jipya ni ardhi. Mapadre wa Mang'u na walimu wa Alliance walipata viwanja kwa sababu ardhi ya shule ilikuwa nyingi. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka wa 2012, bei ya ardhi ya Ruiru na Thika imepanda, na shule nyingi za watu binafsi zimejengwa kwa ghorofa, penye ua wa kutosha kupangia foleni ya asubuhi tu. Hesabu yake si ngumu. Sheria za kandanda zataka kiwanja kisichopungua mita 90 kwa urefu na mita 45 kwa upana. Kiwanja cha mita 100 kwa 60 ndicho cha kuchezea kwa raha. Ploti ya kawaida ya kujenga nyumba ni futi 50 kwa 100. Basi kiwanja kile kidogo kabisa humeza ploti nane na zaidi, na kile cha raha karibu 13. Mwenye shule aketipo na kalamu yake huziona ploti 13 za vyumba vya kupangisha, na mwalimu wa michezo aliye kando yake huona magoli mawili. Katika shule nyingi mpya mwalimu huyo amekwisha kushindwa, na vijana wake hungoja zamu yao katika kiwanja cha manispaa, ambacho ni kimoja kwa mji mzima.