Rayo za gurudumu la nyuma

Kinga yenye kupeleka bidoni mbili za mawese, litri 20 kila moja, mpaka soko la Baraka, inabeba karibu kilo 40 nyuma, mbali na mwenye kuipanda. Ndiyo maana kinga za zamani za Uingereza zilikuwa na rayo 32 mbele na 40 nyuma.

Lakini wingi peke yake hautoshi. Kumbe ile rayo iliyolegea ndiyo hukatika upesi: kila mzunguko inalegea, inavutika tena, mpaka inachoka pale inapopindia, karibu na katikati ya gurudumu. Basi zikaze sawasawa, kisha zigonge na kijiko. Za upande mmoja zitoe sauti moja. Kuzifunga waya zinapopishana, kama wengi wanavyofanya, hakuongezi nguvu. Kunazuia tu iliyokatika isichezecheze. Ikikatika moja njiani, shusha bidoni moja, sababu jirani zake ndizo zinabeba sasa.