Mkutano Mkuu wa Kijiji, Kikao cha Baraza la Madiwani na Haki ya Mwananchi ya Kuhudhuria

Ushuru unaotozwa mwaloni, ada ya kizimba sokoni, kipande cha ufukwe kinachogawiwa mtu asiyejulikana kijijini: mambo haya yote huanzia katika kikao. Mwananchi huyaona yakiwa yamekwisha kuiva, pale mtoza ushuru anaposimama mbele ya mtumbwi au pale vigingi vya mipaka vinapochomekwa shambani. Wakati huo malalamiko huwa magumu kuliko hoja ambayo ingetolewa mapema, kwa sababu muhtasari umekwisha kusainiwa. Kwa ajili hiyo tumeona vema kueleza katika sehemu hii ya kijitabu ni vikao vipi vya serikali za mitaa vilivyo wazi kwa wananchi, na mtu aliyehudhuria anaruhusiwa kufanya nini. Tunaandika hasa kwa wakazi wa Mwanza na wa mwambao wa Ziwa Victoria, ambako maisha ya ziwani yana ratiba yake na mara nyingi haipatani na ratiba ya ofisi.

Msingi wa haki hii umo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 145 na ya 146 zinaweka serikali za mitaa na kutaja lengo lake kuwa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ibara ya 18 inampa kila raia haki ya kupewa taarifa, na ya 21 haki ya kushiriki katika shughuli za utawala. Utaratibu wenyewe umeelezwa katika sheria mbili za mwaka 1982: Sheria Na. 7, inayohusu mamlaka za wilaya (Sura ya 287), na Sheria Na. 8, inayohusu mamlaka za miji (Sura ya 288). Msomaji na ajue kwanza anaishi chini ya ipi kati ya hizo mbili. Mkazi wa Ukerewe, Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema au Buchosa aishiye kijijini yuko chini ya sheria ya wilaya. Mkazi wa Jiji la Mwanza au wa Manispaa ya Ilemela yuko chini ya sheria ya miji, na kwake hakuna kijiji bali mtaa.

Tofauti hiyo ina uzito. Halmashauri ya Kijiji ni chombo chenye nafsi yake kisheria: huweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na kutunga sheria ndogo. Mtaa hauna mamlaka hayo. Mkutano wa Mtaa husikiliza, hushauri, hupokea taarifa na hupeleka maoni juu, lakini sheria ndogo za mjini hutungwa na Halmashauri ya Jiji au Manispaa. Mkazi wa mlimani Igogo anayetaka kupinga ada mpya ya taka hatafika mbali akiishia kwa mwenyekiti wa mtaa. Atalazimika kumfuata diwani wake.

Kijijini

Mkutano Mkuu wa Kijiji si mkutano wa viongozi. Sheria inasema kuwa wajumbe wake ni watu wote wakazi wa kawaida wa kijiji hicho waliotimiza umri wa miaka 18. Haiulizi chama, dini, kabila, mume au mke, wala kama mtu ana shamba au hana. Mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu kuhusu sera zote za kijiji, na ndio unaochagua Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Kwa utaratibu, Halmashauri ya Kijiji hukutana kila mwezi na Mkutano Mkuu hukutana angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti wa Kijiji ndiye huuongoza, na Afisa Mtendaji wa Kijiji huandika muhtasari.

Yapo mambo ambayo Halmashauri ya Kijiji haiwezi kuyamaliza peke yake, na hapa ndipo tunapomwomba msomaji asome taratibu. La kwanza ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaikataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi au kutoa hakimiliki ya kimila kabla Mkutano Mkuu haujaridhia. Ikiwa Serikali inakusudia kuihamisha ardhi ya kijiji kwenda katika kundi jingine la ardhi, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa iwapo eneo halizidi hekta 250. Likizidi hapo, uamuzi huwa wa Waziri baada ya kupata mapendekezo ya Mkutano Mkuu. La pili ni sheria ndogo. Kabla ya kutunga sheria ndogo ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji sharti iitishe wananchi na kupokea maoni yao, kisha ipeleke rasimu Halmashauri ya Wilaya kwa idhini. Pasipo idhini hiyo, karatasi iliyobandikwa mlangoni haina nguvu ya sheria, hata ikiwa na muhuri. La tatu ni fedha. Taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji husomwa mbele ya Mkutano Mkuu, na mwananchi ana haki ya kuuliza shilingi ngapi ziliingia, kwa stakabadhi zipi, na zilitumikaje.

Kwa upande mwingine, Mkutano Mkuu hauwezi kuhalalisha kila kitu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kijiji kizima kikinyosha mikono kumpa mtu eneo hilo ajenge nyumba ya wageni, mikono hiyo haiondoi katazo.

Jambo moja dogo linahitaji kutajwa kwa sauti kubwa zaidi kuliko ukubwa wake. Katika mikutano mingi hupitishwa daftari au karatasi ya mahudhurio, na watu huandika majina na kutia saini. Saini hiyo inathibitisha kwamba mtu alikuwapo. Haithibitishi kwamba alikubali. Hata hivyo, karatasi yenye majina mia mbili ikibanwa pamoja na muhtasari uliosema ardhi imeridhiwa, msomaji wa mbali atadhani wote mia mbili waliridhia. Tunashauri mambo mawili. Tazama kichwa cha karatasi kabla ya kutia saini: kimeandikwa mahudhurio, au kimeandikwa wanaokubali? Ikiwa hakina kichwa, omba kiandikwe. Na uamuzi ukifikiwa, omba mwenyekiti ahesabu waliounga mkono na waliopinga, na idadi zote mbili ziingizwe katika muhtasari. Si utovu wa adabu kuomba hivyo.

Wavuvi, wachuuzi na saa ya mkutano

Kando ya ziwa, tangazo la mkutano laweza kuwa sahihi kwa kila herufi na bado likawafungia nje nusu ya wenye mambo yao. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku kwa taa, katika siku za giza. Mbalamwezi inapong'aa, mitumbwi hupumzika. Asubuhi dagaa wakishushwa, wanawake huwaanika juani, na kazi hiyo haingoji. Mkutano ukiitwa saa tatu asubuhi katika siku za giza, wavuvi wamelala na wanawake wako uanikoni. Mkutano huohuo ukiitwa alasiri katika siku za mbalamwezi, uwanja hujaa. Sheria haikutaja mwezi wala jua, bali viongozi wa kijiji wanayajua haya kuliko sisi, na wananchi wanayo haki ya kuomba tarehe ibadilishwe. Ombi lipelekwe kwa Afisa Mtendaji mapema, kwa maandishi, likisainiwa na watu kadhaa.

Kuna pia suala la ukaazi. Mvuvi huhama kambi kwa kambi, leo Ukara, mwezi ujao kisiwa kingine, akifuata samaki. Je, ni mkazi wa kawaida wa kijiji alichopo? Ikiwa ana makazi yake hapo na hurejea hapo, hana sababu ya kuzuiwa mlangoni. Ikiwa ni mpita njia, hatakuwa na kura katika Mkutano Mkuu, lakini hakosi pa kusemea. Kila mwalo uliosajiliwa una kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho watu wote ziwani hukiita BMU. Kikundi hicho kina mkutano mkuu wake na kamati yake, na ndani yake wana nafasi wenye mitumbwi, vibarua wa mitumbwini, wachakataji na wachuuzi. Anayefanya kazi mwaloni aulize kama ameandikishwa. Wapo vibarua waliovua miaka mingi bila kujua kwamba rejesta hiyo inawahusu.

Lugha nayo ni mlango. Muhtasari huandikwa kwa Kiswahili, lakini hakuna ubaya bibi kizee wa Ukerewe kuomba hoja ifafanuliwe kwa Kikerewe, au mzee wa Magu kwa Kisukuma, kabla ya kunyosha mkono.

Baraza la Madiwani

Juu ya kijiji na mtaa kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata, inayoongozwa na diwani, na juu yake Baraza la Madiwani. Mikutano ya kawaida ya Baraza hufanyika kila baada ya miezi mitatu, ikiongozwa na Meya katika Jiji na Manispaa, na Mwenyekiti wa Halmashauri wilayani. Mkurugenzi ni katibu. Kanuni ya msingi ni kwamba mikutano hii iko wazi kwa wananchi na kwa waandishi wa habari. Baraza laweza kuamua kujadili jambo fulani faraghani, kama vile nidhamu ya mtumishi, na hapo wageni hutoka nje. Kinachofaa kukumbukwa ni kwamba faragha inatokana na uamuzi wa Baraza kwa jambo mahususi. Mlinzi wa getini hana mamlaka ya kuufanya mkutano mzima uwe wa siri.

Tusimpe msomaji matumaini ya ziada: mwananchi aliyeketi ukumbini husikiliza tu. Hasemi, hapigi makofi, hapigi kura. Anayesema ni diwani, na sheria inamtaka diwani awe karibu na wapiga kura wake, apokee maoni yao kabla ya kikao na awapelekee taarifa baadaye. Vilevile, kamati za kudumu, kama ile ya fedha, ni vikao vya wajumbe, na huko ndiko hoja nyingi hupikwa kabla ya kupakuliwa mbele ya Baraza. Kwa hiyo anayetaka kusikika amwone diwani wiki kadhaa kabla ya mkutano wa Baraza, akiwa na karatasi moja inayoeleza shida, kiasi cha fedha kinachohusika na anachoomba.

Ushuru na ada zinazotozwa na Halmashauri hutokana na sheria ndogo. Halmashauri inapokusudia kutunga sheria ndogo hutoa tangazo kwa umma ili wenye pingamizi walete pingamizi zao. Kisha rasimu hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kwa idhini, na hatimaye hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Mchuuzi wa Kirumba Mwaloni anayetozwa kiwango kipya ana haki ya kuuliza kimewekwa kwa sheria ndogo ipi na ya tangazo gani la Serikali. Jibu lisipopatikana, adai stakabadhi halali na aitunze. Kulipa kwa kudai stakabadhi ni salama zaidi kuliko kugombana na mtoza ushuru, ambaye mara nyingi hakukitunga yeye kiwango hicho.

Bei ya maji haiamuliwi na Baraza la Madiwani. MWAUWASA ikiomba kupandisha bei, ombi huenda EWURA, na EWURA huitisha taftishi, yaani mkutano wa wazi wa kupokea maoni. Humo mwananchi wa kawaida huruhusiwa kusimama na kusema, na maoni ya maandishi hupokelewa pia.

Kuomba muhtasari

Aliyekosa mkutano hajakosa kila kitu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016 inamruhusu raia wa Tanzania kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na mwenye taarifa hutakiwa kujibu ndani ya siku 30. Akinyimwa, huweza kumwomba mkuu wa taasisi aupitie upya uamuzi huo. Zipo taarifa ambazo sheria inaruhusu zizuiliwe, kama zinazohusu usalama wa Taifa au faragha ya mtu, lakini muhtasari wa Mkutano Mkuu uliofanyika chini ya mwembe mbele ya watu wote hauwezi kwa urahisi kuitwa siri.

Barua iwe fupi. Itaje jina na anwani ya mwombaji, kikao kinachohusika, tarehe yake na ajenda inayotafutwa. Maneno kama "naomba nyaraka zote za kijiji" huleta ucheleweshaji. Ielekezwe kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa, au kwa Mkurugenzi ikiwa ni kikao cha Baraza. Ichukuliwe nakala mbili: moja ibaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na irudi na mwombaji, kwa kuwa siku 30 huhesabiwa tangu ombi lilipopokelewa.