Kisukari cha Paka na Utunzaji Wake Nyumbani

Maradhi ya kisukari hayampati binadamu peke yake. Paka naye huugua, hasa aliye wa makamo au mzee, mnene, na aliyezoea kukaa ndani bila kuwinda. Mwenye paka hushangaa kuona bakuli la maji likikauka upesi, mkojo ukizidi, na mnyama akikonda ijapokuwa anakula kwa pupa. Baadhi yao hulegea miguu ya nyuma hata wakakanyaga kwa visigino badala ya vidole, kwa kuwa sukari iliyozidi imedhuru neva. Dalili hizo zisidhaniwe kuwa ni uzee tu; yafaa mnyama apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Katika mwili wenye afya, kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, ambayo huiwezesha glukosi ya damuni kuingia katika seli za misuli na mafuta. Kwa paka wengi wagonjwa, seli hizo zimekuwa sugu, na kongosho lililochoka halitoi insulini ya kutosha. Hapo sukari hujaa damuni, figo huimwaga pamoja na maji mengi, nao mwili, ukishikwa na njaa katikati ya neema, huanza kuyala mafuta na misuli yake wenyewe. Dawa yake ilipatikana mjini Toronto mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best walipoijaribu kwa mbwa. Binadamu wa kwanza alidungwa Januari 1922. Ni haki basi kwamba wanyama nao wanufaike nayo.

Kwa asili yake paka ni mla nyama, na mwili wake hauna haja kubwa ya wanga. Hata hivyo paka wengi wa Tabora hulishwa ugali uliochovywa mchuzi, na wanga wa ugali tumboni hugeuka kuwa glukosi. Bahati njema, mji huo uko mahali pazuri. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Tabora kwenda Ujiji, na reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilikuja kuiunganisha bara hiyo na ziwa lenye dagaa. Dagaa waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa paka), wakichanganywa na nyama au kuku, ni chakula bora kuliko ugali. Lakini hapa pana hatari isiyotazamiwa na wengi: wanga ukipunguzwa, haja ya insulini nayo hupungua, pengine kwa siku chache tu. Kipimo cha jana chaweza kuwa kikubwa mno leo. Kwa hiyo chakula kisibadilishwe kabla ya kushauriana na daktari.

Insulini hudungwa chini ya ngozi mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, na mara nyingi paka huanzishiwa yuniti 1 hivi kila mara. Kiasi hicho ni kidogo sana, na kosa dogo huwa kubwa. Ziko insulini zenye yuniti 100 katika mililita moja, na nyingine zenye yuniti 40. Kila aina ina bomba lake la sindano. Mtu akivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 hadi alama ya 2, atakuwa amempa mnyama yuniti 5.

Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, wala isigande. Pasipo umeme, chungu cha udongo kisichopakwa rangi husaidia. Maji hupenya vitundu vya udongo na kugeuka mvuke nje, na kila tone linaloondoka huchukua joto la chungu. Tabora iko juu ya uwanda wa mita 1,200 hivi, na hewa yake ya kiangazi ni kavu, kwa hiyo maji hukauka haraka na chungu hupoa vizuri hata katika joto la Oktoba. Mvua zikianza, unyevu wa hewa huipunguza kazi hiyo. Chupa itiwe katika kopo lililofungwa barabara, nacho chungu kikae kivulini penye upepo. Ubaridi wake haufikii ule wa jokofu. Ni wa kuilinda chupa inayotumika, si akiba ya miezi.

Hofu kubwa kuliko sukari nyingi ni sukari kushuka ghafla. Paka hupepesuka, hutetemeka, hulia ovyo, kisha huanguka kifafa. Hapo dakika ni mali. Asali ya misitu ya miombo, ambayo Tabora inasifika kwayo, ina glukosi inayoingia damuni upesi. Apakwe kwenye fizi kwa kidole, wala asimiminiwe kinywani akiwa amezimia, asije akapaliwa. Akizinduka apewe chakula na kupelekwa kwa daktari. Paka aliyekataa kula asidungwe kipimo kizima bila ushauri.

Woga wenyewe huweza kupandisha sukari ya paka, na ndiyo sababu kipimo cha nyumbani, kwa tone la damu ya ukingo wa sikio, mara nyingi huaminika kuliko cha zahanati. Asiye na kifaa hicho aandike kila siku kiasi cha maji yaliyonywewa, na kila wiki uzito wa mnyama. Maji yakipungua na uzito ukirudi, tiba inafanya kazi. Paka walioanza kutibiwa mapema, wakalishwa nyama, baadhi yao hufikia hatua ya kutohitaji sindano tena, nao huendelea kupimwa, kwani maradhi huweza kurudi.