Kadi ya Wi-Fi: Pima Kabla ya Kununua

Kompyuta mpakato nyingi zinazotoka Ulaya zikiwa zimetumika, kisha zikauzwa Kariakoo au katikati ya jiji la Nairobi, ni mashine imara. Ukiongeza RAM na kuweka diski ya SSD, utazitumia miaka mingine kadhaa. Tatizo hujitokeza pale faiba inapoingia nyumbani: simu inapakua faili kwa kasi, kompyuta inajikokota. Lawama humwangukia mtoa huduma, ilhali mara nyingi kizuizi kimo ndani ya kompyuta yenyewe, katika kadi ya Wi-Fi.

Kiwango cha Wi-Fi cha 802.11n kilipitishwa mwaka 2009. Kadi nyingi za bei nafuu za kizazi hicho hutumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee, tena kwa antena moja. Masafa hayo yana njia tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Kwenye jengo la ghorofa lenye rauta kila nyumba, wote wanagombea njia hizo hizo. Kadi ya kiwango kilichofuata, 802.11ac, yenye antena mbili huhamia gigahezi 5, kwenye nafasi zaidi, na kwa nadharia hufikia megabiti 867 kwa sekunde. Kasi halisi huwa chini ya hapo, lakini tofauti utaiona.

Basi anza kwa kupima. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike «netsh wlan show drivers». Orodha ya viwango ikiishia 802.11n, kadi ni ya zamani. Hakikisha pia kwamba rauta yako ina gigahezi 5. Bila hivyo, kadi mpya haitakufaa sana.

Ukishajiridhisha, yapo mambo matatu ya kuchunguza. La kwanza ni tundu. Mashine za zamani hutumia Mini PCIe; za baadaye hutumia M.2, na kadi yake huwa na upana wa milimita 22 na urefu wa 30. Lakini umbo pekee halitoshi. Intel AX200 na AX201 zinafanana kwa macho, ila AX201 huitegemea chipu ya Intel iliyo kwenye ubao mama ifanye sehemu ya kazi yake. Ukiichomeka kwenye mashine ya AMD, au ya Intel ya zamani, haitatambuliwa. Tarakimu moja tu inaweza kukupotezea fedha.

La pili ni BIOS, programu ya ndani inayoanzisha mashine. Lenovo ThinkPad X230 na T430 za mwaka 2012 zina orodha ya kadi zinazoruhusiwa. Weka kadi isiyomo, mashine itaonyesha kosa namba 1802 na kugoma kuendelea kuwaka. Baadhi ya HP za miaka hiyo nazo zilikuwa na kizuizi kama hicho. Hoja inayotolewa ni kwamba kadi na antena hupimwa pamoja ili kutii sheria za mawimbi ya redio. Hata hivyo mzigo humwelemea mnunuzi wa pili, ambaye hakuelezwa lolote. Tafuta mwongozo wa matengenezo wa modeli yako. Humo mna namba za kadi zinazokubalika.

La tatu ni nyaya za antena, zinazopita kwenye bawaba hadi pembeni mwa kioo. Kwa kawaida ni mbili, mweusi na mweupe. Mashine yenye waya mmoja haitapata faida yote ya kadi ya antena mbili. Zima mashine, chomoa chaja na betri, kisha piga picha kabla ya kugusa chochote. Kiungio cha waya kinyanyue wima, usikivute kwa pembeni. Kukirudisha, kilenge sawasawa juu ya pini na ukibonyeze kwa ncha ya kidole hadi kibane. Vile vya M.2 ni vidogo kuliko vya Mini PCIe, kwa hiyo havibadilishani.

Kwenye mashine nyembamba za siku hizi, kadi mara nyingi huwa imechomelewa kwenye ubao mama. Hapo, na hata BIOS inapokataa, adapta ya USB ya gigahezi 5 ni suluhisho halali na la bei nafuu.

Kwa hiyo usinunue kadi kwa sababu muuzaji amesema ni mpya zaidi. Mpe fundi wako modeli kamili ya kompyuta, na umtake athibitishe tundu, BIOS na nyaya kabla hujatoa fedha.