Nyumba ya Bei Rahisi Ina Gharama Gani?

Tarehe 14 Aprili 2024, baada ya mvua nyingi, udongo wa Mlima Kawetere uliporomoka. Matope yalishuka mpaka Mtaa wa Gombe, Kata ya Itezi, Mbeya, hapa jirani zetu wa Uyole. Yalifunika nyumba zaidi ya 20 na shule pia. Watu waliolala kwao jana yake, siku hiyo walitafuta pa kulala.

Baada ya maafa kama hayo, watu husema: "Tujenge upesi, hata kanyumba kadogo ka bei rahisi." Hawakosei. Mwenye watoto hawezi kukaa nje. Lakini bei ya nyumba ni kitu kimoja, na gharama yake ni kitu kingine. Bei unailipa siku ya kujenga. Gharama unailipa miaka yote unayoishi humo.

Leo tupige hesabu hiyo pamoja. Chukua daftari na kalamu.

HESABU YA KWANZA: UKUBWA

Wengi hudhani kwamba vyumba vikipungua, gharama hupungua sawasawa. Sivyo.

Chumba kimoja cha mita 3 kila upande kina kuta za mita 3 + 3 + 3 + 3. Jumla ni mita 12.

Sasa tujenge nyumba ya mita 6 kila upande. Kuta za nje ni mita 24. Ukiigawa iwe vyumba vinne, utaongeza mita 12 za kuta za ndani. Jumla ni mita 36.

Angalia vizuri. Chumba kimoja peke yake kimekula mita 12 za ukuta. Katika nyumba ya vyumba vinne, kila chumba kimekula mita 9 tu. Choo nacho kinachimbwa kimoja, uwe na chumba kimoja au vinne.

Sisemi kila mtu ajenge nyumba kubwa. Nasema hivi: kama fedha ni kidogo, anza na vyumba viwili, lakini chora nyumba nzima tangu mwanzo. Familia ya watu wanane haitakaa chumba kimoja milele. Chumba kinachobandikwa baadaye bila mpango huachana na ukuta wa zamani, ukapata ufa.

HESABU YA PILI: MAHALI

Kiwanja cha bure nacho kina gharama yake.

Desemba 2011, mafuriko makubwa yalipiga Dar es Salaam. Serikali iliwapa viwanja Mabwepande watu waliokuwa wakikaa mabondeni. Kule walikuwa mbali na mafuriko ya Msimbazi, lakini walikuwa mbali pia na katikati ya jiji, ambako wengi walipata riziki yao. Baadhi yao walirudi bondeni kwenye hatari.

Kwa nini mtu arudi kwenye hatari? Tupige hesabu. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi kazini ni shilingi 2,000 kwa siku. Kwa siku 25 za kazi ni shilingi 50,000. Kwa mwaka ni shilingi 600,000. Kwa miaka mitano ni shilingi 3,000,000. Fedha hizo hazikuandikwa kwenye bei ya nyumba, lakini zinatoka mfukoni mwa mwenye nyumba.

Tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe ya Mlima Hanang yaliangukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Baadaye waathirika walijengewa nyumba zaidi ya 100 mahali pengine. Kazi kama hiyo si ya matofali tu. Nyumba mpya hudai barabara, maji na umeme.

Kwa hiyo kabla ya kukubali kiwanja, uliza: Maji yako wapi? Shamba liko umbali gani? Shule je? Mvua ikinyesha, maji yatapita wapi?

HESABU YA TATU: VITU VISIVYOONEKANA

Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi lilipiga Mkoa wa Kagera. Watu zaidi ya 15 walifariki, na mamia ya nyumba yalianguka. Nyingi zilikuwa za matofali au mawe yaliyounganishwa kwa tope. Serikali ilisema haiwezi kumjengea kila mwananchi nyumba. Wengi walijenga wenyewe, kwa mara ya pili.

Sisi wa Mbeya tunakaa kwenye Bonde la Ufa. Matetemeko si mageni kwetu. Lakini mtu akitaka kupunguza gharama, hupunguza mahali gani? Hupunguza msingi, kwa sababu umefukiwa. Hupunguza linta, kwa sababu itapigwa lipu. Halafu ananunua mabati ya rangi, kwa sababu wapita njia watayaona. Jamani, hapo tunajidanganya.

Ukitaka kubana fedha, bana kwenye rangi, lipu na dari. Hayo yanaweza kungoja mavuno ya mwaka ujao. Lakini usibane mambo haya:

1. Msingi wa mawe kwenye udongo mgumu.
2. Pembe za nyumba. Matofali yapishane, yashikane.
3. Linta inayozunguka nyumba nzima. Kama huwezi zege na nondo, tumia mbao imara zilizopakwa dawa ya mchwa, zikafungwa vizuri kwenye pembe.
4. Paa. Lifungwe kwenye kuta kwa waya mnene, upepo usiling'oe.
5. Mfereji wa kupeleka maji mbali na ukuta.

HESABU YA NNE: NGUVU NA KUNI

Bibi mmoja wa darasa letu aliniambia, "Mwalimu, nyumba yangu haikunigharimu kitu. Tulijenga wenyewe." Nikamwuliza, "Mama, mwaka ule mlivuna viazi magunia mangapi?" Akacheka. "Ah, mwaka ule hatukulima vizuri. Tulikuwa tunajenga."

Basi magunia yaliyokosekana ndiyo bei ya nyumba yake. Siku zako za kazi ni mali. Ziandike kwenye daftari.

Andika na kuni za tanuru. Tukikata miti ya mlimani ili tuchome matofali, mizizi iliyoshika udongo inakufa. Siku ya mvua kubwa, udongo unatufuata nyumbani. Huko ni kujenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mkono mwingine. Tuchome kwa pumba za mpunga pale zinapopatikana, na tupande miti.

Ndugu msomaji, nyumba rahisi si ile iliyokula fedha kidogo siku ya kwanza. Ni ile ambayo hutaijenga tena.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nyumba yako ina linta? Nenda kaangalie.
2. Kijijini kwenu ni nyumba zipi zilizo chini ya mlima au kwenye njia ya maji? Mfanye nini kabla ya mvua za Novemba?
3. Andika gharama zote za nyumba yako, pamoja na siku zako za kazi. Zimefika ngapi?