Barakoa ya mwanafunzi ni jukumu la nani?

Shule za Kenya zilipofungua milango tarehe 12 Oktoba 2020 kwa wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la Nane na Kidato cha Nne, zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya mwezi Machi kwa sababu ya korona. Mtoto aliyefika langoni alitakiwa kunawa mikono, kupimwa joto na kuwa na barakoa usoni. Maji na sabuni vilikuwa juu ya shule, na kipimajoto pia. Barakoa ilitoka mfukoni mwa mzazi. Serikali iliahidi kuwasaidia watoto wa familia zisizojiweza, lakini kanuni ya jumla ilibaki ile ile: mzazi anunue.

Mjadala wa wazazi uliofuata ulisimuliwa mara nyingi kama ugomvi kati ya wanaoiamini sayansi na wanaoikataa. Mimi ninayeshughulika na afya ya jamii sikuuona hivyo, na bado siuoni hivyo. Wazazi wengi waliolalamika hawakuukana ugonjwa. Walikuwa na maswali ya maana, na mengi ya maswali hayo yalijibiwa kwa amri badala ya maelezo. Baada ya barakoa kuacha kuwa lazima hadharani, tarehe 11 Machi 2022, maswali hayo yaliwekwa kando bila majibu. Maradhi ya njia ya hewa hayajaisha duniani, na siku amri kama ile itakaporudi, wazazi watauliza yale yale.

Nianze na barakoa yenyewe. Tunapoongea, kuimba au kukohoa, hutoka vinywani mwetu matone ya mate ya kila ukubwa. Makubwa huanguka chini hatua moja au mbili mbele yetu. Madogo sana hubaki yakielea, na katika chumba kilichofungwa yanaweza kukaa hewani muda mrefu. Virusi husafiri ndani ya matone haya. Barakoa ya kitambaa huyanasa kwa wingi pale yanapotoka, yakiwa bado makubwa na yenye unyevu. Kumkinga aliyeivaa asivute yale yaliyokwisha kutawanyika ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu hewa hupita pembeni mwa pua na mashavu. Barakoa ya N95 iliyobana uso vizuri huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, lakini hiyo siyo barakoa iliyokuwa ikiuzwa kwenye vituo vya matatu.

Wazazi kadhaa walikuwa na hoja nzuri: matundu ya kitambaa ni makubwa kuliko virusi, sasa vinazuiwaje? Jibu ni kwamba chembe haipiti kwenye tundu moja lililonyooka. Hupita katikati ya nyuzi zilizosokotana, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayekatiza shamba la mkonge gizani: nafasi kati ya miche ni pana kuliko mwili wake, na bado hatoki upande wa pili bila kuchomwa. Ndiyo maana Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tabaka tatu kwa barakoa za vitambaa, la ndani likiwa pamba inayonyonya unyevu na la nje kitambaa kisicholowana upesi. Leso iliyokunjwa mara moja haikufikia hapo.

Hofu ya kwamba mtoto angekosa hewa ilienea sana, hasa kwa wazazi wa watoto wenye pumu. Molekuli ya oksijeni ni ndogo kuliko kirusi mara mia kadhaa, nayo hupita kitambaa bila shida katika pande zote mbili. Watoto wengi wenye pumu iliyodhibitiwa waliweza kuvaa barakoa salama. Hata hivyo sipendi kuona hofu hiyo ikitupiliwa mbali kwa jibu la maabara. Barakoa iliyolowa jasho hubana, huwasha, na kuvuta pumzi kupitia kwake huwa kazi. Darasani Mombasa au Garissa saa nane mchana, chini ya bati, barakoa moja huwa imelowa kabla ya kipindi cha mwisho. Mzazi aliyesema mtoto wake anashindwa kupumua alikuwa akieleza jambo la kweli, ila chanzo chake ni unyevu na joto. Dawa yake ni barakoa ya pili kwenye mfuko safi, sabuni ya kufulia ile ya kwanza, na maji. Yaani gharama nyingine.

Kwa nini ninazungumzia sekondari hasa? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa Agosti 2020 uliwatoa kabisa watoto wa miaka mitano na chini, ukaweka masharti ya kupima hali kwa wa miaka 6 hadi 11, kisha ukasema kuanzia miaka 12 mtoto avae kama mtu mzima anavyovaa. Kijana wa Kidato cha Pili huambukizwa na huambukiza karibu kama mzazi wake, ingawa yeye mwenyewe mara chache sana huugua vibaya. Hapo ndipo wazazi walipogawanyika. Mwenye nyumba ya watu watatu aliona mwanawe hana hatari kubwa, kwa hiyo usumbufu wa nini? Aliyekuwa akiishi na mama mkwe mwenye kisukari alitaka kila mtoto darasani afunikwe mdomo. Wote wawili walikuwa sahihi kuhusu nyumba zao.

Na walimu walikuwepo. Kabla mwezi ule wa Oktoba haujaisha, shule mbili za sekondari za Mombasa, Star of the Sea na Tononoka, zilifungwa kwa muda baada ya walimu kuambukizwa, na mwalimu mkuu wa Tononoka akafariki. Pwani nzima ilizungumzia msiba huo. Wazazi ambao wiki mbili kabla walikuwa wakinung'unika walitambua ni nani hasa barakoa ya mtoto ilikuwa inamkinga.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Ikiwa faida kubwa ya barakoa inaenda kwa mwingine, basi si haki kuifanya mzigo wa mvaaji peke yake. Chanjo ya surua hutolewa bure kwa sababu mtoto aliyechanjwa huwakinga na wengine. Barakoa ya shule ni kinga ya pamoja vile vile, lakini ilihesabiwa pamoja na soksi na daftari. Mzazi wa watoto watatu sekondari, kila mmoja akihitaji barakoa mbili za kubadilisha, alitakiwa kununua sita kwa mkupuo, katika mwaka ambao wengi walikuwa wamepoteza vibarua. Bei ya moja ilionekana ndogo kwa aliyeandika mwongozo ofisini.

Linganisha hesabu hizi mbili. Kanuni za afya ya umma za Aprili 2020 ziliweka faini ya hadi shilingi 20,000, au kifungo cha hadi miezi sita, kwa asiyevaa barakoa hadharani. Mgawo wa serikali kwa mwanafunzi mmoja wa sekondari ya kutwa kwa mwaka mzima ulikuwa shilingi 22,244. Faini ilikaribia mgawo huo, na mzazi alijifunza kuhusu barakoa kwanza kwa polisi wa barabarani, kisha kwa mwalimu. Ujumbe unaoanza kwa vitisho huacha kovu, na kovu hilo lilionekana shuleni: watoto walivaa barakoa kidevuni, wakaipandisha tu walipomwona mkuu wa shule.

Halafu likaja jambo la KEMSA, mamlaka ya serikali ya ugavi wa dawa na vifaa vya tiba. Agosti na Septemba 2020, wiki chache kabla ya shule kufunguliwa, nchi ilijua kwamba ununuzi wa vifaa vya korona wa takriban shilingi bilioni 7.8 ulikuwa umefanywa kwa kukiuka sheria, kama Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alivyobaini, huku barakoa na mavazi ya kinga vikirundikana ghalani. Mzazi aliyeambiwa akanunue barakoa alikuwa ameshasikia kwamba zipo, na zimeshalipiwa kwa kodi yake. Nani angemlaumu kwa kukasirika? Mpakani hali ilikuwa ngumu zaidi. Tanzania iliacha kutangaza takwimu za wagonjwa mwishoni mwa Aprili 2020 na kufungua shule zake zote tarehe 29 Juni. Mzazi wa Taveta mwenye ndugu Holili, ng'ambo ya mpaka, alisikia serikali mbili zikisema mambo mawili tofauti kuhusu hewa ile ile.

Je, barakoa shuleni zilisaidia kweli? Mzazi anastahili jibu la uaminifu, nalo ni kwamba zilisaidia kiasi, si sana. Utafiti mkubwa uliofanywa Bangladesh katika vijiji 600, kwa watu wazima zaidi ya 340,000, ulionyesha kuwa maambukizi yenye dalili yalipungua kwa takriban asilimia 9 katika vijiji vilivyohamasishwa kuvaa, na barakoa za hospitali zilifanya vizuri kuliko za kitambaa. Katika eneo la Boston, Marekani, wilaya za elimu zilizoondoa sharti la barakoa mapema 2022 zilipata katika wiki 15 takriban wagonjwa 45 zaidi kwa kila wanafunzi na wafanyakazi 1,000, zikilinganishwa na zilizoendelea nalo. Uingereza, kwa upande mwingine, ililinganisha shule za sekondari mwishoni mwa 2021: kiwango cha kukosa shule kwa sababu ya korona kilishuka kutoka asilimia 5.3 hadi 3.0 palipovaliwa barakoa, na kutoka 5.3 hadi 3.6 pasipovaliwa. Tofauti hiyo ni ndogo mno, haiwezi kutenganishwa na bahati. Na si jambo dogo kwamba wanafunzi wengi wa huko walisema barakoa iliwatatiza kuwasiliana na walimu.

Lakini utafiti wa Bangladesh una fundisho jingine ambalo kwetu lilipita bila kusikilizwa. Uvaaji sahihi ulipanda kutoka asilimia 13 hadi 42. Haukupandishwa kwa faini. Barakoa ziligawiwa bure nyumba kwa nyumba, viongozi wa vijiji na maimamu wakavaa wao kwanza, na watu wakakumbushwa kwa upole sokoni na msikitini. Sisi tulikuwa na KICOTEC kule Kitui na Rivatex kule Eldoret, viwanda vilivyogeuza mashine zao kushona barakoa mwaka ule ule. Kitambaa kilikuwepo, mafundi walikuwepo. Kilichokosekana ni uamuzi wa kupitisha bidhaa hiyo shuleni kama vinavyopitishwa vitabu.

Kundi moja la wazazi halikusikika kabisa: wenye watoto wasiosikia vizuri. Mtoto anayesoma midomo hupoteza nusu ya somo mwalimu akijifunika. Hata Lugha ya Ishara ya Kenya hutegemea uso, kwa kuwa nyusi na mdomo ni sehemu ya sarufi yake. Barakoa zenye dirisha la plastiki angavu zilishajulikana. Mwalimu mwenye mwanafunzi wa aina hii angeweza pia kusimama mbali, karibu na dirisha lililo wazi, na kufundisha uso ukiwa wazi.

Sasa niseme kuhusu mabweni, maana hapo amri ya barakoa ilikuwa dhaifu kuliko popote, na mzazi wa shule ya malazi aliliona hilo kabla ya wataalamu. Mwanafunzi anavaa barakoa darasani, anaivua mesini pamoja na wenzake mia kadhaa wakizungumza kwa sauti, kisha analala bila barakoa usiku kucha kitanda kwa kitanda. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka nafasi ya mita 1.2 kati ya vitanda na ushoroba wa mita 2. Ulifuata misiba ya moto, ukiwemo ule wa Kyanguli wa 2001 uliochukua roho za wavulana 67, lakini nafasi inayomwezesha mtoto kukimbia moto ndiyo hiyo hiyo inayopunguza kuvuta pumzi ya jirani. Sera ya kupeleka kila mtoto sekondari, iliyoanza 2018 na ambayo ninaiunga mkono kwa moyo wote, ilijaza wanafunzi kuliko vyumba. Katika bweni lililojaa hivyo, kipande cha kitambaa mchana hakiwezi kulipia hewa ya usiku.

Hewa ni suala la madirisha, na madirisha ni suala la kanuni ndogo ndogo. Kliniki za kifua kikuu zimejua kwa miaka mingi kwamba dirisha lililofunguliwa pande mbili, hewa ikipishana, huondoa vijidudu bila gharama. Tatizo ni baridi. Limuru au Kinangop mwezi wa Julai, wanafunzi hufunga kila dirisha, nao hawana kosa. Shule nyingi zinakataza koti lisilo la sare. Ruhusu mtoto avae sweta la pili, la rangi yoyote, na dirisha litabaki wazi. Uamuzi huo unaweza kuokoa zaidi ya barakoa na hauhitaji hata senti ya bajeti. Vivyo hivyo, ili mzazi asiongezewe gharama, barakoa yenyewe isigeuzwe sare, ya rangi ya shule na ya duka moja.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa wazazi viti sita kwenye bodi ya usimamizi ya shule, na inautambua umoja wa wazazi wa kila shule. Viti hivyo havikuwekwa kwa ajili ya kupitisha karo ya basi tu. Mwakilishi wa wazazi anaweza kuuliza, hata sasa pasipo na janga lolote, ni madirisha mangapi ya darasa yamepigiliwa misumari, maji yanakatika siku ngapi kwa wiki, na katika bajeti ya dharura, barakoa zikihitajika kesho, nani atazilipia kwa mtoto ambaye baba yake ni mchukuzi wa mizigo katika soko la Kongowea. Na siku ya wazazi kutembelea shule, kabla ya chakula na hotuba, aombe kufunguliwa bweni, achukue utepe wa kupimia, na apime kutoka kitanda hadi kitanda.