Zumu Moja Ndogo Badala ya Lenzi Tatu

Mpiga picha wa harusi akianza kupata kazi za kueleweka, wenzake humwambia aachane na lenzi iliyokuja na kamera, anunue "fifti". Ni ushauri mzuri. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 ni nyepesi, bei yake inavumilika, na kwa kuwa haivuti, humlazimisha mtu atumie miguu. Taabu huanza baadaye. Huongeza ya 35 kwa ajili ya vyumba finyu, kisha ya 85 kwa ajili ya nyuso, na mwisho wake ana lenzi tatu nzuri na kamera moja ya kuzifungia.

Kwa maoni yangu, mtu huyo anahitaji zumu moja ndogo yenye f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Tazama kinachotokea gari la bi harusi linaposimama mlangoni. Kamera ina 85, na uso wa bi harusi umepatikana vizuri kupitia dirisha la gari. Mlango unafunguliwa, vigelegele vinapanda, mashangazi wanatandika khanga chini apite juu yake. Sasa inatakiwa picha pana. Mpiga picha azime kamera, atoe 35 kwenye begi, afungue kifuniko chake cha nyuma kwa mkono mmoja, abonyeze kitufe na kuizungusha 85 itoke, aivalishe kifuniko, kisha aipachike ile nyingine alama kwa alama mpaka ilie "tak". Akiinua kichwa, bi harusi yuko ndani na khanga zinakunjwa. Mwenye zumu angezungusha pete ya lenzi kidogo tu. Isitoshe, kila lenzi inapotoka sensa hubaki wazi, na vumbi la kiangazi likitua pale huonekana baadaye kama madoa ya kijivu angani, hasa ukifunga tundu hadi f/11 au f/16.

Miaka ya nyuma pendekezo hili lingekuwa gumu kulitetea. Zumu ya kwanza kuuzwa kwa ajili ya kamera za picha mnato za filamu ya milimita 35, Zoomar ya Voigtländer, ilitoka 1959 ikianzia milimita 36 hadi 82, na ilikuwa mzigo. Hata Canon 24–70 ya f/2.8 iliyotoka 2002 ilikuwa na gramu 950. Kilichobadilika ni kamera zenyewe. Zile zisizo na kioo cha ndani huiruhusu lenzi kukaa karibu zaidi na sensa, na programu iliyomo ndani ya kamera hunyoosha mistari iliyopinda, kazi ambayo zamani ilifanywa na vioo vya ziada. Sigma 18–50 ya f/2.8, iliyotoka 2021 kwa ajili ya kamera zenye sensa ndogo ya APS-C, haifiki gramu 300. Kwa sensa kubwa, Tamron 28–75 ya f/2.8, toleo la pili, ina gramu 540. Sony za f/1.8 za 35, 50 na 85 ukizipima pamoja ni gramu 837.

Watetezi wa lenzi zisizovuta husema miguu ndiyo zumu bora. Vichochoroni Mji Mkongwe, Zanzibar, miguu haisaidii: ukirudi nyuma hatua mbili, mgongo uko ukutani. Lakini hoja yao ina ukweli ambao mwenye zumu inampasa aushike. Kinachoamua sura ya mtu itakavyokaa ni umbali kati yako na yeye. Ukimkaribia na 28 mpaka uso ujaze picha, pua inakua na masikio yanakimbia nyuma. Ukirudi mita mbili ukatumia 70, uso unarudi katika hali yake. Kwa hiyo chagua kwanza pa kusimama, ndipo uzungushe pete. Anayeganda mahali pamoja akivuta tu hupata picha zilizo sawa kila kitu, ila hazina uhai.

Hasara ipo, na kubwa ni ya mwanga. f/1.8 hupitisha mwanga takriban mara 2.4 ya f/2.8. Ukumbini usiku, taa zikiwa zimefifizwa, picha uliyoipiga kwa f/1.8, kasi ya 1/200 na ISO 3200, kwa zumu itakudai ISO 8000 kwa kasi ileile. Chenga zitaonekana zaidi kwenye vivuli na kwenye suti nyeusi. Usishushe kasi ili kuzikwepa. Kizuia mtikisiko hutuliza mkono wako, hakimtulizi anayecheza. Ukungu wa nyuma ya mtu nao hupungua: tundu la 85 kwa f/1.8 lina upana wa milimita 47 hivi, la 75 kwa f/2.8 ni 27. Ndiyo maana nashauri ile fifti isiuzwe. Ikae begini, ifungwe mara moja muziki unapoanza, na isitolewe tena mpaka shughuli iishe.

Kuhusu ukali wa picha sina wasiwasi mkubwa. Tundu likiwa wazi kabisa, pembe za picha za zumu ndogo hulegea kuliko za lenzi isiyovuta; ukifunga hadi f/5.6, mteja hataona tofauti kwenye albamu. Anayepiga picha za majengo ana sababu ya kuzijali pembe hizo.

Jihadhari tu usiuziwe zumu yoyote ile. Soma maandishi ya kwenye mdomo wa lenzi. Palipoandikwa 1:2.8 peke yake, tundu halibadiliki. Palipoandikwa 1:3.5–5.6, tundu husinyaa kadiri unavyovuta, na mwishoni utapata robo tu ya mwanga wa f/2.8, hiyo ni jamaa ya lenzi uliyoshauriwa kuiacha. Hakikisha pia imetengenezewa sensa ya ukubwa wa yako, kwani lenzi ya APS-C ikifungwa kwenye sensa kubwa, kamera hulazimika kukata kingo za picha.

Na kabla hujatoa pesa, fungua kwenye kompyuta picha za kazi zako zilizopita. Kila faili huhifadhi lenzi uliyotumia na tundu ulilofungua. Angalia ni ngapi kati ya zile alizochagua mteja zilipigwa kwa tundu pana kuliko f/2.8. Zikiwa nyingi, baki na lenzi zako. Zikiwa chache, uza ya 35 na ya 85, pesa hiyo iende kwenye zumu.